Kitambaa cha Njano na Macho ya Mama Yako

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa mguu wangu unaanza kwenda wenyewe kama uko juu ya cherehani. Ilikuwa saa ya magharibi, uani kwetu hapa hapa Kariakoo, na wapangaji wote wa nyumba walikuwa wamesimama kimya wakimtazama mtoto mmoja wa kike wa mwaka na miezi miwili. Mtoto yule ni mama yako. Tulikuwa tunangoja kujua kama anaona.

Nitakufikisha huko, usiniharakishe. Tangu juzi uliponipigia simu kwamba mkeo kajifungua salama, mimi sijatulia. Nimemwambia kila anayepita hapa barazani, hata wauza mitumba wasionijua, kwamba nimepata kitukuu. Lakini leo asubuhi nilipokwenda kwenu kumwona, nimekuta mezani kopo la maziwa ya unga na chupa mpya bado iko kwenye boksi lake. Nikamuuliza mkeo, maziwa hayatoki? Akasema yanatoka vizuri, babu, ila mume wangu kanunua, eti likae tayari. Sikumuuliza zaidi, maana mzazi hapigiwi kelele. Sasa tumebaki wawili hapa kwangu. Vuta kigoda ukae. Nakuita mwanangu ingawa u mjukuu wangu, na wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi majuto yangu nataka yatangulie mbele yako leo, yasikufuate nyuma.

Miaka ile nilikuwa fundi kijana, nimetoka Lindi na mkasi mmoja na maneno mengi. Nilipanga chumba kwa Bi. Tatu, mwenye nyumba, na cherehani yangu ikakaa barazani kwake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, na siri hakuna. Ukikohoa chumbani, mpangaji wa mwisho anakwambia pole. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tunaitana ndugu, na vitu vilikuwa adimu. Mtu akiona foleni aliingia kwanza, ndipo akauliza kinachouzwa. Lakini tulikuwa na raha zetu, usidhani tulikuwa tunalia kutwa. Mimi hasa nilikuwa mtu wa kujiona. Nilivaa shati jeupe kila siku, na ukiniuliza kitu kizuri ni kipi, ningekujibu ni kilicho cheupe.

Bibi yako Somoe, Mungu amrehemu, alipojifungua mama yako, nilishona magauni matatu kwa siku moja. Maziwa ya kwanza yalipotoka yalikuwa mazito na ya njano, yale yanayoitwa dang'a. Bi. Tatu akaingia chumbani, akayatazama, akasema hayo ni machafu, yamekaa kifuani miezi tisa, yakamuliwe yamwagwe. Somoe alimtazama Bi. Tatu, kisha akanitazama mimi. Nami nikasema hata mimi nayaona si meupe. Yakakamuliwa kwenye kitambaa, kitambaa kikafuliwa. Mtoto akapewa maji ya sukari siku mbili. Nakuhadithia hili kwa haraka kwa sababu nalionea haya.

Baada ya hapo alinyonya, na akanawiri. Miezi mitano alikuwa na mashavu ya kukufanya uache kazi umfinye. Halafu masika ikaingia, maji ya mvua yakachanganyika na ya choo, na mtoto akaanza kuharisha kama watoto wengine wa mtaa. Siku tatu tu akapungua. Na hapo ndipo Bi. Tatu, akichambua mchele uani mbele ya watu wote, akatoa neno.

"Mtoto huyu kabemendwa," alisema.

Nyie vijana wa siku hizi neno hilo mnalisikia mnacheka. Kwetu lilikuwa neno zito. Maana yake ni kwamba baba au mama hakujizuia wakati mtoto angali ananyonya, au mmoja wao katoka nje, basi maziwa yanaharibika na mtoto anakonda. Ukisikia mtoto kabemendwa, watu hawamtazami mtoto. Wanamtazama baba. Na mimi wakati ule nilikuwa na mteja mmoja kutoka Upanga, mama wa ofisini, mcheshi, aliyekuwa akinishonesha gauni la satini ya njano. Alikuja kupima mara tatu, na mara zote tatu nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nakuapia, hapakuwa na lolote zaidi ya kicheko. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo Bi. Tatu alivyomalizia, akaendelea na mchele wake.

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ningeweza kumpeleka mtoto kwa daktari. Ningeweza kumwambia Bi. Tatu kwa adabu kwamba hilo si kweli. Badala yake nikawaza namna ya kulisafisha jina langu, nikaona njia moja ya mkato. Mtoto asiponyonya, hakuna maziwa ya kuharibika, na hakuna baba wa kusemwa. Jioni ileile nilimwambia Somoe, kuanzia kesho mtoto anakunywa ya kopo.

Somoe alikuwa mpole, lakini siku ile alinijibu. "Maziwa ninayo, mtoto anayataka, na wewe unayakataza kwa sababu ya Bi. Tatu?"

Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba hii. Nyumba yenyewe ya kupanga, hebu fikiria.

Kopo nililipata kwa kujuana, kupitia mteja mmoja mwenye duka upande wa sokoni. Na kusema kweli nilifurahi, mwanangu, nisikufiche. Lilikuwa na picha ya mtoto mnene, na unga wake mweupe pe. Nililibeba mkononi bila kulifunga, nikapita njia ndefu ili nionekane. Watu wakaniita baba wa mtoto wa kopo, na mimi nikaitika. Neno la kubemenda likafa palepale. Jina langu likatakata.

Ndani ya chumba mambo yalikuwa mengine. Somoe alifunga kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, na kila mtoto akilia, kanga ililowa. Usiku nilipoingiza cherehani chumbani nishone, alikuwa akikaa nyuma yangu, mtoto mapajani, chupa mkononi, kanga imelowa, machozi yanamtoka. Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie. Wiki mbili hivi, maziwa yakakoma. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha wangu niliukunja kwa mikono yangu miwili, nikaukalia msala wa watu.

Na msala ukapita kweli. Mwezi wa tatu tangu aanze kopo, maziwa yale yakaadimika. Nikaanza kupunguza: palipotakiwa vijiko vinne nikaweka viwili, kisha kimoja, maji yakawa mengi. Mtoto alipofika umri wa kula, nikamtafutia uji wa sembe. Serikali ilikuwa inagawa unga wa njano wakati ule, watu wakiubeza, na mimi nikiwa wa kwanza. Mwanangu hali unga wa njano, nilisema. Nilipanga foleni tangu alfajiri kuipata sembe nyeupe. Mchicha nilisema utamharisha, papai litamtia mafua, dagaa ni chakula cha walioshindwa maisha. Nilijiona baba bora hapa mtaani.

Mama yako akaanza kutembea mapema. Alikuwa mwembamba, nywele zimekuwa nyepesi, lakini anatembea. Mchana alikuwa mtundu, anavuta mabaki ya vitambaa chini ya cherehani yangu. Alichokipenda kuliko vyote ni kipande cha ile satini ya njano ya mteja wa Upanga. Nikikiinua juu anakuja mbio kukinyakua, na ulikuwa ndio mchezo wetu.

Sasa siku moja nikachelewa kumaliza shati, nikakaa nalo uani kulitia vifungo, jua limekwisha kuzama lakini bado mwanga upo, hata sindano naiona. Nikainua kile kitambaa. Hakuja. Nikakipunga. Alisimama katikati ya uani, mikono mbele, akapiga hatua moja, akajikwaa kwenye kinu kilichokaa pale pale siku zote. Hakulia. Alikaa chini akaanza kupapasa sakafu kwa viganja, hivi, kama anatafuta kitu.

Bi. Tatu akasema mtoto mwoga wa giza. Lakini giza lilikuwa bado, mwanangu. Nilimwita jina, Mwajuma, akageuza uso upande wa sauti, na macho yake yakanipita. Nikamchukua nikamtazama karibu. Yale macho yalikuwa makavu, hayana ule unyevu wa macho ya mtoto, kama kioo kilichopanguswa kwa kitambaa cha vumbi. Mimi mtu wa sindano. Naishi kwa macho. Na sikuwa nimeyatazama macho ya mwanangu kwa miezi mingapi, sijui. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Asubuhi yake hatukungoja chai. Somoe kambeba mtoto mgongoni, mimi nimebeba kopo, maana nilitaka nesi aone kwamba mtoto wangu si wa kulishwa hovyo. Tulipita soko jipya, wachuuzi wakiteremsha maboga na mapapai, na mimi hata sikuyatazama. Kliniki tulimkuta nesi mmoja mtu mzima, mama wa Kichaga mrefu, akiitwa Mama Elinami. Somoe akaamkia shikamoo, nesi akaitikia marahaba, akamfungua mtoto macho kwa vidole viwili, taratibu, akayatazama upande huu na upande huu. Kisha akauliza anakula nini.

Nikaliweka kopo mezani kwa kishindo cha heshima.

"Vizuri," akasema. "Ndugu, nichanganyie kama unavyochanganya nyumbani."

Akanipa kikombe na maji. Mficha uchi hazai, nikasema moyoni, nikatia kijiko kimoja. Akanitazama. Nikakoroga.

"Sasa kunywa wewe," akasema.

Nikanywa. Mwanangu, yale yalikuwa maji ya kuoshea mchele. Nimempa mwanangu maji ya kuoshea mchele miezi yote ile, na nilikuwa nimeyasifu mtaa mzima. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walinitazama, hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama Elinami akamgeukia Somoe, akamuuliza kwa nini aliacha kunyonyesha. Somoe akaniangalia mimi, akingoja nimjibie. Basi nikasema yote, habari ya Bi. Tatu, na neno lile, na mimi na jina langu. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, halafu akanipa maneno ambayo nimetembea nayo mpaka leo.

"Maziwa ya mama hayaharibiwi na baba, ndugu. Mtoto aliharisha kwa maji machafu, na dawa yake ilikuwa ni kuzidi kunyonya. Yale ya njano mliyomwaga siku ya kwanza ndiyo yenye akiba ya macho na kinga ya mwili. Halafu mkaja mkamnyima ziwa lenyewe, mkamnyima mchicha, mkamnyima papai, mkampa weupe mtupu. Jicho nalo linakula. Hili lina njaa. Mngechelewa zaidi, jicho lingepata kidonda, na hapo hata mimi nisingekuwa na la kufanya."

Nikamuuliza, atapona?

"Mmewahi," akasema. "Hayajaharibika."

Alikata ncha ya kidonge laini chenye mafuta, vitamini A ya macho, akamkamulia mtoto kinywani. Akasema turudi kesho apewe kingine, na tena baada ya wiki mbili. Dawa hiyo hupewa na mwenye kujua kipimo, alisema, si ya kununua mtaani. Akatutajia chakula: mchicha uliopondwa na tone la mafuta, maini, yai, dagaa waliosagwa, boga, papai bivu. Nikamwambia hata unga wa njano? Akasema hata unga wa njano, ndugu, kwani una ugomvi gani na rangi hiyo?

Hebu nione wewe ungerudije nyumbani. Mimi nilirudi mbio. Nilinunua papai, nikanunua boga, nikanunua mchicha mafungu matatu, Somoe ananiambia baba Mwajuma mtoto ni mmoja. Nilikuwa nacheka na kuogopa kwa pamoja. Jioni ile nikainua kitambaa. Akapapasa. Nikasema ni mapema mno, dawa haijashuka. Jioni ya pili, baada ya tone la pili, nikainua tena. Aligeuza kichwa, nikaruka, lakini Somoe akasema kageuka kwa sababu umekohoa. Tukabishana kama mashabiki wa mpira. Sikulala vizuri kwa kungoja jioni ifike.

Jioni ya tatu nyumba nzima ilikuwa imekwisha pata habari. Mpangaji wa chumba cha mbele aliacha redio yake. Wanawake waliacha vyungu. Bi. Tatu alitoka akasimama mlangoni kwake, kanga imefunika mdomo. Nikawaambia wote, tafadhali, mtu asikohoe, mtu asimwite. Somoe akamsimamisha mtoto kule kwenye mlango wa jiko, akamwachia. Mimi nikachuchumaa upande wa pili, katikati yetu kuna kinu. Nikainua kile kitambaa cha njano bila kusema neno.

Alisimama. Akatazama chini. Akatazama kushoto. Kisha yale macho yakapanda, mwanangu, yakapanda polepole, yakafika kwenye mkono wangu yakatua hapo. Akacheka. Akaja. Alipofika kwenye kinu akakizunguka, na kwa kukizunguka kile kinu uani pote pakalipuka kwa vigelegele, hata sikujua nani kaanza. Akaninyang'anya kitambaa. Nilimkumbatia nikalia mbele za watu, na shati langu jeupe likajaa boga alilotoka kula.

Bi. Tatu alikuja akakaa chini karibu nasi. Alisema neno moja tu, "Nisameheni." Somoe akamjibu, "Wewe ulisema tu, bibi. Huyu ndiye aliyetenda." Alisema kweli, na hakulirudia tena maisha yake yote. Mjomba wako alipozaliwa baadaye, dang'a ilipotoka, Bi. Tatu mwenyewe ndiye aliyemshika mtoto akamweka kifuani, huku akiwafokea wapangaji waliochungulia kwamba hii ndiyo dawa ya macho, tokeni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Ziwa ni la mama, lakini utulivu wa mama uko mikononi mwa baba. Mkeo maziwa anayo. Acha mtoto anyonye, ya njano na meupe, yote ni yake. Kliniki watakwambia miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji, nawe uwatii, kisha aongezewe chakula chenye rangi huku ananyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Kazi yako wewe ni mkeo ale, alale, na asisumbuliwe na maneno ya barazani. Wapo wanawake wasiojaliwa maziwa, au wenye maradhi, na hao si wa kuchekwa. Waende kwa wauguzi waelekezwe namna salama. Lakini kulileta kopo ndani ili lionekane, au kwa kuogopa watu, hilo nilifanya mimi na linatosha kwa ukoo mzima. Mtoto akiumwa usitafute wa kumlaumu, mtafutie daktari. Na jioni, kabla hujatazama simu yako, mtazame mtoto machoni.

Macho yangu mimi sasa yamechoka, unajua. Ikifika magharibi mtaa huu naona pikipiki kama vivuli. Mama yako hutoka dukani kwake ng'ambo ile, ananiona toka mbali, anapaza sauti, "Baba, usivuke, ningoje." Kisha anakuja ananishika mkono. Macho niliyokaribia kuyatoa sadaka kwa ajili ya jina langu ndiyo yananivusha barabara.

Kitambaa chenyewe hiki hapa, kimefifia lakini kichukue. Mungu akuwekee mwanao, ampe macho ya kuona kheri na moyo wa kuifuata, na ziwa la mama yake lisikauke kabla yeye hajatosheka. Haya, nyanyuka ulirudishe kopo dukani, wala usilifiche kwenye mfuko. Ukiulizwa na watu, waambie babu kasema.